Kanda za Redio na CD za Wakusanyaji: Muziki wa Dansi wa Radio Tanzania na Wasikilizaji wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Historia ya muziki wa dansi wa Tanzania imeandikwa kwa wingi kutoka Dar es Salaam, Tanga na Morogoro, yaani katika miji ambamo bendi zilipiga, zilirekodi na kugombea mashabiki. Askew (2002) aliuchunguza uhusiano wa muziki na taifa akiwa Tanga. Perullo (2011) alichunguza uchumi wa muziki akiwa Dar es Salaam. Na maandiko ya Werner Graebner, pamoja na maelezo aliyoyaambatanisha na CD alizozisimamia, yamekuwa rejea ya kila anayetaka kujua bendi ipi iliundwa lini na mwimbaji yupi alihamia wapi. Kazi hizi zina thamani kubwa. Hata hivyo, zote zinamtazama mwanamuziki na studio. Msikilizaji wa mbali, ambaye hakuwahi kuingia ukumbini wala kumiliki santuri, anatajwa kwa jumla tu kuwa ni "umma" au "taifa".

Insha hii inautazama muziki huo kutoka Kibiti na delta ya Rufiji, ambako kwa miongo mitatu wimbo wa dansi ulifika hasa kwa njia ya redio. Hoja yake ni kwamba kanda ya redio ndiyo iliyokuwa wimbo wenyewe kwa wasikilizaji hao, wala haikuwa matayarisho ya santuri. Hoja hiyo ikikubaliwa, utoaji upya wa nyimbo hizo katika CD, uliofanywa tangu miaka ya 1990 na wakusanyaji wa Marekani na Ulaya, unapaswa kutathminiwa kwa mizani nyingine. Pamoja na kuuliza ni nyimbo gani zimeokolewa, mtafiti anapaswa kuuliza ni sehemu gani ya usikilizaji imeachwa nyuma, na nani anaweza kuzisikia nyimbo hizo leo.

Redio bondeni na katika delta

Matangazo ya redio ya umma Tanganyika yalianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 liliundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua na kulifanya kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwanzoni masafa yalikuwa mafupi na redio zilikuwa chache. Mabadiliko makubwa yalikuja na redio ndogo za transista zilizotumia betri, ambazo hazikuhitaji umeme wala fundi. Kiwanda cha kampuni ya Matsushita kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966 kilileta betri za National karibu na mnunuzi wa kawaida, na tangu hapo betri ikawa bidhaa ya duka la kijiji kama ilivyo chumvi na mafuta ya taa.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana zaidi mtu anapoitazama ramani. Delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa sasa imo katika Wilaya ya Kibiti iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010, ni mtandao wa mito midogo, visiwa vya matope na misitu ya mikoko. Vijiji kama Salale na Kiomboni hufikiwa kwa mtumbwi au mashua, na safari hupangwa kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Upande wa bara, barabara ya kusini kutoka Dar es Salaam hupita Bungu na Kibiti na kuuvuka mto kwenye eneo la Ndundu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, uvukaji huo ulitegemea kivuko, na wakati wa masika barabara yenyewe ilikuwa mashaka matupu. Bendi iliyotaka kwenda kupiga Kilwa au Lindi ililazimika kupita hapo. Santuri zilizotoka viwandani Nairobi nazo zilipita njia hiyo hiyo kama zilifika kabisa.

Isitoshe, maisha ya kilimo katika bonde la Rufiji hayamwachi mtu akae mahali pamoja mwaka mzima. Wakati wa mpunga familia huhamia mashambani na kukaa katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mazao dhidi ya nguruwe, ndege na nyani na kujikinga na maji ya mafuriko. Redio ya betri ingeweza kupandishwa dunguni. Gramafoni pamoja na rundo la santuri visingeweza. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamisha wakulima wengi kutoka bondeni kwenda katika vijiji vipya vya miinukoni, na hapo pia redio ilikuwa miongoni mwa vitu vichache vya starehe ambavyo havikutegemea mahali. Ngoma za jando na unyago zina uwanja wake, miti yake na wazee wake. Kuzihamisha si jambo dogo. Redio ilihamishwa kwa kubebwa kwapani.

Serikali yenyewe ilitambua nguvu hiyo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilipangwa kwa vikundi vya kusikiliza redio vijijini na iliwafikia watu wapatao milioni mbili nchini. Chombo kilichofundisha kuchimba vyoo na kuangamiza mazalia ya mbu ndicho kilichopiga Nuta Jazz na Kilwa Jazz jioni. Mpaka uliopo leo kati ya "vipindi vya elimu" na "vipindi vya muziki" haukuwa mkubwa namna hiyo masikioni mwa msikilizaji. Nyimbo nyingi za dansi zilikuwa na mafunzo yake, na mashairi yake yalipitiwa na kamati kabla ya bendi kuruhusiwa kurekodi.

Kulikuwa pia na ukaribu wa kijamii ambao huwa hautajwi. Leslie (1963), katika utafiti wake kuhusu wakazi wa Dar es Salaam, aliwahesabu Warufiji miongoni mwa makundi makubwa ya wahamiaji waliokuwa wakiishi mjini. Kijana aliyetoka Kibiti kwenda kutafuta kibarua mjini alizikuta klabu za dansi, na baadhi ya bendi zilijengwa juu ya utani na udugu wa watu wa sehemu moja. Western Jazz ilibeba jina la watu wa magharibi. Kilwa Jazz, iliyoongozwa na Ahmed Kipande, ilikuwa bendi ya Dar es Salaam yenye jina la kusini. Kwa msikilizaji wa Rufiji, jina la Kilwa lilikuwa la jirani wa ng'ambo ya mto, na bendi hiyo ilipopigwa redioni haikuwa ya kigeni hata kidogo. Vivyo hivyo, Mlimani Park ilipoupa mtindo wake jina la Sikinde na Juwata ikajiita Msondo, bendi hizo zilichukua majina ya ngoma za watu wa Pwani na kuyatia umeme. Msikilizaji wa mwambao aliyajua majina hayo kabla ya kuzijua bendi.

Kanda na santuri

RTD ilirekodi bendi katika studio zake zilizokuwa Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho hapakuwa na studio nyingine nchini iliyoweza kushindana nayo, wala hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliingia studio na kupiga wimbo mzima kwa pamoja, waimbaji, magitaa, tarumbeta na ngoma. Aliyekosea alisababisha wote waanze upya. Wanamuziki walilipwa malipo madogo ya mkupuo, na wimbo ulipopigwa hewani mara mia haukuwaongezea kitu. Faida yao ilikuwa jina: wimbo uliopendwa redioni ulijaza ukumbi.

Nyimbo chache miongoni mwa hizo zilifika katika santuri, nyingi zikichapwa Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, alirekodi sana kwa ajili ya soko hilo, na ndiyo maana kumbukumbu yake ilihifadhiwa vizuri kuliko ya wenzake wengi. Lakini santuri ya dakika chache ililazimisha wimbo ukatwe. Muziki wa dansi wa Tanzania hujengwa kwa sehemu mbili: kwanza masimulizi ya polepole yenye kisa na mashairi, kisha chemko, ambapo magitaa hupishana, tarumbeta hujibizana na wachezaji huingia uwanjani. Katika santuri sehemu hizo ziligawanywa upande wa kwanza na wa pili, na mara nyingine chemko ilipunguzwa. Katika kanda ya redio wimbo ulikwenda dakika saba au nane bila kukatwa. Kwa hiyo aliyesikiliza redio dunguni alisikia wimbo kamili zaidi kuliko aliyenunua santuri mjini. Jambo hili linapindua dhana ya kawaida kwamba wa pembezoni hupata makombo.

Mfano wa Marekani unasaidia kulieleza jambo hili. Bob Wills na bendi yake ya Texas Playboys, waliochanganya nyimbo za wakulima wa kusini-magharibi mwa Marekani, fidla, gitaa la chuma na mdundo wa jazi, walirekodi mwaka 1946 na 1947 huko California mfululizo wa nyimbo unaojulikana kwa jina la Tiffany Transcriptions. Hazikuwa za kuuzwa madukani. Zilitiwa katika santuri kubwa za inchi 16 na kusambazwa kwa vituo vya redio ili zipigwe kama vipindi. Kwa kuwa hazikubanwa na dakika tatu za santuri ya kawaida, bendi ilipiga kama ilivyopiga kumbini: wapiga solo waliachiwa nafasi, kiongozi alipiga kelele za kuwachochea, na nyimbo zilizokwisha kurekodiwa rasmi zilipigwa upya kwa uhuru zaidi. Kwa miongo kadhaa walizijua watu wachache tu. Zilianza kutolewa upya katika santuri miaka ya 1980, kisha katika CD, na mwaka 2009 zikatoka katika kasha la CD kumi. Leo wapenzi wengi wa muziki huo huziona kuwa rekodi bora kuliko zile bendi hiyo ilizozifanya kwa kampuni kubwa.

Mlingano huu si wa kubahatisha. Pande zote mbili ni muziki wa kuchezwa, uliopigwa na bendi kubwa kwa watu wa kazi, ukarekodiwa kwa ajili ya redio, na ukaepuka makato ya biashara ya santuri. Lakini kuna tofauti moja iliyoamua mambo mengi. Rekodi za Tiffany zilitengenezwa ili zisambazwe kwa vituo vingi. Nakala zilikuwapo mahali mbalimbali. Kanda ya RTD mara nyingi ilikuwa moja, katika jengo moja, katika mji wenye joto na unyevunyevu wa bahari. Kanda ya sumaku haipendi hali hiyo. Gundi yake hulegea, unga wake hubanduka, na kila inapozungushwa kwenye mashine mbovu hupoteza kidogo. Kinachopotea hapo hakina kaka mahali pengine.

Detroit, Frankfurt, Paris

Wimbi la CD lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lebo ya Africassette ya Detroit ilitoa mwaka 1994 mkusanyo wa Mlimani Park uitwao Sikinde, uliotokana na rekodi za RTD za miaka ya 1980. Lebo ya Popular African Music ya Frankfurt, iliyoendeshwa na Günter Gretz, ilitoa mkusanyo mwingine wa bendi hiyohiyo, Sungi. John Storm Roberts, Mwingereza aliyewahi kuwa mwandishi wa habari Kenya na baadaye akaishi Marekani, alitoa Dada Kidawa kwa lebo yake ya Original Music, ukiwa na nyimbo za miaka ya 1960. Baadaye ikaja Ngoma Iko Huku ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, na mwaka 2007 Buda Musique ya Paris ikatoa juzuu la tatu la mfululizo wa Zanzibara, lililohusu sauti ya miaka ya 1960 Tanzania Bara. Mfululizo huo ulisimamiwa na Graebner.

Inafaa kukumbuka kwamba Ujerumani ndiko pia iliko Bear Family Records, iliyoanzishwa mwaka 1975 na inayojulikana duniani kwa makasha makubwa ya muziki wa kantri wa Marekani. Kwa maneno mengine, hata muziki wa wakulima wa Texas na Oklahoma ulipata mtunzaji wake mwaminifu mbali na kwao. Ukusanyaji hufuata fedha, nafasi ya kabati na tabia ya kupenda orodha, na haufuati mipaka ya nchi. Kwa hiyo lawama inayotolewa mara kwa mara, kwamba Wazungu wameuchukua muziki wa Tanzania, ni nyepesi mno. Wakusanyaji hao walilipia kazi ya kusafisha sauti, waliwatafuta wanamuziki na kuwahoji, na walichapisha majina ya watunzi na tarehe ambazo redio haikuwahi kuzitangaza. Mpiga gitaa la kati ambaye hakuna mtangazaji aliyewahi kumtaja amepata jina lake kwenye kijitabu cha kurasa chache kilichochapwa ugenini. Hilo ni deni ambalo historia ya muziki wa Tanzania haina budi kulikiri.

Lakini ladha ya mkusanyaji iliamua kipi kitoke. Aliyezoea kupenda magitaa ya Kongo na mdundo wa Kuba alitafuta magitaa na mdundo huo katika kanda za Dar es Salaam, na alivipata, kwa sababu santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilikuwa zimeenea Afrika tangu miaka ya 1930 na wanamuziki wa Morogoro, Tanga na Dar es Salaam walijifunza kutoka kwazo. Ndiyo maana CD hizo zimejaa rumba na chemko. Nyimbo za kusifu sera, za kuhimiza kilimo, za kuomboleza viongozi, ambazo msikilizaji wa kijijini alizisikia kila siku, ziliingia kwa uchache. Ngoma za vijijini na kwaya zilizorekodiwa na watumishi wa redio waliosafiri mikoani zilipata nafasi finyu zaidi. Tangu maazimio ya miaka ya mwanzo ya uhuru, taifa liliiona ngoma kuwa roho ya utamaduni wake. Soko la CD liliiona kuwa bidhaa ya wanaanthropolojia.

Kisichoingia katika CD

Kuna kitu kingine ambacho hata mkusanyaji mwenye nia njema hawezi kukikamata kwa kusafisha kanda ya wimbo. Wimbo wa redio haukusimama peke yake. Ulitanguliwa na sauti ya mtangazaji, ulifuatwa na taarifa ya habari, na mara nyingi ulibebwa na salamu. Msikilizaji aliandika kadi, akaorodhesha ndugu na jamaa walioko Mafia, Temeke, Kilwa au Utete, na akaomba wimbo. Majina yaliposomwa hewani wimbo ukawa wake. Baada ya hapo yakaja matangazo ya vifo, ambayo kwa watu wa delta, ambako mtu wa kupeleka habari angeweza kungoja maji kujaa hadi siku ya pili, yalikuwa njia ya haraka kuliko zote ya kujua kwamba kuna msiba mjini.

Kwa hiyo kumbukumbu ya wimbo katika vijiji hivyo imefungamana na mambo ambayo kijitabu cha CD hakiyajui. Mtu anaweza asikumbuke kwamba bendi fulani iliitwa Nuta na baadaye Juwata, kisha Ottu, lakini akakumbuka kwamba wimbo ulitangulia tangazo la kifo cha mjomba wake. Kwa mwanahistoria anayetafuta tarehe, ushahidi wa namna hiyo ni mgumu kuutumia. Kwa anayetafuta maana ya redio katika maisha ya watu, ndio ushahidi wenyewe. Tafiti za muziki wa dansi zimeegemea mno orodha za bendi na uhamaji wa waimbaji, jambo ambalo lina mvuto wake (nani asiyependa kufuatilia Muhidin Gurumo akitoka Nuta kwenda Mlimani Park, kisha Safari Sound, kisha akirudi Msondo?), lakini limeufanya upande wa usikilizaji uonekane kuwa hauna historia.

Tofauti baina ya aina mbili za CD inapaswa kuzingatiwa hapa. Zilizotokana na santuri za zamani, kama Dada Kidawa, zilirudisha kwa umma kitu ambacho kiliwahi kuuzwa. Zilizotokana na kanda za redio, kama Sikinde, ziliuza kwa mara ya kwanza kitu ambacho kilikuwa cha wote, kwa maana ya kwamba kilisikika bure na kwamba chombo kilichokirekodi kilikuwa cha umma. Swali la haki ni tofauti katika hali hizi mbili. Katika hali ya kwanza kuna mkataba wa kampuni, hata kama ulikuwa mbaya. Katika hali ya pili kuna malipo ya mkupuo yaliyotolewa na shirika la serikali kwa bendi ambayo nayo mara nyingi ilikuwa mali ya shirika la serikali: Nuta ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilianzia chini ya kampuni ya umma ya usafirishaji na teksi mwaka 1978, kisha ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji mwaka 1983. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuja baada ya nyimbo hizo kurekodiwa, na baada ya CD za mwanzo kutoka. Ni vigumu kumwonyesha mrithi wa mwanamuziki wa miaka ya 1970 karatasi inayomtaja mzazi wake kama mwenye wimbo.

Njia ya kurudi

Mwaka 2012 mradi uitwao Tanzania Heritage Project ulitangaza nia ya kuingiza kanda za RTD katika mfumo wa kidijitali na kuchangisha fedha kwa njia ya intaneti. Waanzilishi wake walizungumzia hazina ya muziki wa saa zaidi ya 100,000. Hata kama makadirio hayo yangepunguzwa kwa nusu, CD zote zilizotajwa katika insha hii ni tone tu. Kanda zenyewe zimebaki chini ya shirika la utangazaji la taifa, ambalo sasa ni TBC, na mjadala kuhusu nani aruhusiwe kuzigusa, kwa malipo gani na kwa faida ya nani haukuwa wa kiufundi pekee.

Wakati huohuo CD, ambayo wakusanyaji waliichukua kuwa chombo cha kudumu, imezeeka kabla ya kanda. Katika stendi ya Kibiti, kama katika stendi nyingine za Pwani, nyimbo za zamani ziitwazo zilipendwa huuzwa katika vibanda vya kuingizia nyimbo, zikihamishiwa kwenye memori kadi au flashi kwa bei ya chai na vitafunwa. Sehemu ya nyimbo zinazozunguka kwa namna hiyo nchini zimetoka katika CD za Ulaya: mtu ameinakili, ameipunguza ubora, ameiweka kwenye intaneti, na mwingine ameipakua. Kwa njia hii wimbo uliorekodiwa Barabara ya Pugu, ukatolewa upya Detroit au Frankfurt, unarudi Nyamisati kwa simu ya mkononi ya nahodha wa mashua. Umesafiri safari ndefu na umepoteza mizigo yake yote njiani. Kijitabu hakipo. Jina la mtunzi halipo. Mara nyingi hata jina la bendi limeandikwa vibaya. Uharamia huo unawanyima warithi wa wanamuziki haki yao, lakini pia ndio uliomrudishia msikilizaji wa delta muziki ambao lebo za ugenini hazikuwahi kumpelekea.

Mfano wa Kenya unaonyesha njia nyingine. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba kuhusu kiumbe waliyemwita Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika vijiji vyao. Rekodi hiyo ilikaa katika maktaba ya muziki ya Afrika Kusini aliyoianzisha Tracey, ikatolewa upya katika CD kwa wapenzi wa Ulaya, na mwaka 2014 watafiti wa maktaba hiyo pamoja na washirika wao wa Nairobi walianza kuzirudisha rekodi za namna hiyo kwa jamii zilikotoka. Walibeba nakala, wakawatafuta walioimba au watoto wao, na wakawapigia. Maelezo yaliyosahihishwa na wenyeji yana uzito kuliko yale yaliyoandikwa na mrekodi kwa haraka akiwa safarini.

Kwa Rufiji, urejeshaji wa namna hiyo ungekuwa na sura mbili. Sura ya kwanza inahusu ngoma na kwaya zilizorekodiwa mikoani, ambazo zina waimbaji na vijiji vyake na ambazo ni wazee wa mahali pale tu wanaoweza kutambua sauti zake. Sura ya pili, isiyozoeleka, inahusu dansi yenyewe: kuwapigia wasikilizaji wa zamani wa Mbuchi au Bungu kanda kamili, pamoja na sauti ya mtangazaji pale ilipobaki, na kuandika wanachokumbuka. Waimbaji wakuu wamekwisha kuondoka. Gurumo alifariki Aprili 2014. Wasikilizaji waliokuwa vijana wakati wa Mtu ni Afya sasa wana miaka sabini na zaidi, na kazi ya kuwahoji haihitaji studio. Inahitaji redio ndogo, nakala za kanda, na mtu aliye tayari kungoja maji yajae.